Namna ya kusoma hadithi wanazosoma wanafunzi wako

Nafundisha Baiolojia hapa Mtwara, si fasihi. Kwa miaka mingi nikikuta kijitabu cha hadithi chini ya dawati nilikinyang'anya na kukifungia kabatini. Siku moja nilikisoma kimoja. Kilimhusu msichana anayelelewa na shangazi yake, anaamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi kabla ya kwenda shule. Nikamkumbuka binti anayesinzia kila kipindi changu cha kwanza, ambaye nilikuwa namsimamisha nyuma ya darasa. Iliniuma sana.

Hatua ya 1: Azima
Usiliulize darasa zima linasoma nini. Watakutajia vitabu vya mtihani. Mwendee mmoja, umwambie, "Ukimaliza, naomba na mimi." Mara ya kwanza atadhani ni mtego. Kirudishe siku uliyoahidi, bila kukunja kurasa. Hilo wanaliangalia kuliko unavyodhani.

Hatua ya 2: Kisome chote
Weka kalamu nyekundu mbali. Makosa ya tahajia utayaona, yaache. Kama kuna mahali pamekusisimua au pamekuudhi, pakumbuke, maana ndipo maongezi yatakapoanzia.

Hatua ya 3: Zungumza juu ya mhusika, si juu ya mtoto
Hapa ndipo walimu wengi tunapoharibu. Ukiuliza "hadithi hii inatufundisha nini?" umeshageuza kitabu kuwa kipindi, na utajibiwa kama kwenye kipindi. Ukiuliza "kwako kukoje?" mtoto atainamisha kichwa. Mimi huuliza, "Wewe ungemwambia shangazi yake nini?" Kisha nanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Sisi walimu ukimya unatuwasha.

Safari moja tulikuwa wanne chini ya mkorosho, saa ya mapumziko. Mhusika alikuwa amepata mimba akiwa kidato cha pili. Binti mmoja akasema, "Basi huyo shule ndiyo imekwisha." Nikawaambia kwamba tangu Novemba 2021 Serikali inaruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni. Watatu hawakuwa wanajua. Mmoja aliniuliza mara mbili kama nina hakika, na jioni akanifuata kuniuliza dada yake aanzie wapi.

Hatua ya 4: Jiandae kusikia zaidi ya hadithi
Usimwahidi mtoto siri kabla hujajua anataka kusema nini. Kama ni kupigwa au kuingiliwa, huwezi kukaa nalo peke yako. Mweleze mapema kwamba huenda mkahitaji msaada wa mwalimu wa ushauri nasaha, na umpeleke wewe mwenyewe, usimtume.

Lini uanze
Januari au Februari. Ukingoja Oktoba umechelewa: korosho zinadondoka, watoto wako mashambani wanaokota kabla na baada ya masomo, na Novemba kuna mitihani ya taifa ya kidato cha pili na cha nne.

Vitabu vikiwa haba, shule nzima ikiwa na kimoja tu, kiwe na foleni. Andikeni majina kwenye karatasi mgongoni mwa kitabu, na lako liandikwe panapostahili, si juu. Kilichopo sasa mimi ni wa saba.