Kuchora mtu kwenye lubugo, kwa kumfuata Michael Armitage

Mchoraji Michael Armitage alizaliwa Nairobi mwaka 1984, akasomea sanaa London, kwanza chuo cha Slade kisha shule ya Royal Academy. Angeweza kubaki na kitani, kitambaa cha kawaida cha wachoraji, kama wenzake wa huko. Alichagua lubugo, kitambaa cha magome ya mti wa mutuba ambacho mafundi wa Buganda hukigonga kwa nyundo za mbao, na ambacho tangu zamani hutumika kama sanda. Alikutana nacho Nairobi, kikiuzwa kwa watalii. Nami nachora juu ya kitambaa hicho kwa sababu yake.

Hatua ya 1: Chagua kipande

Kinyanyue uone mwanga ukipita. Matundu, makunyanzi na mishono ya fundi visikutishe. Kitakachochanika ukikivuta kidogo tu, kiache.

Hatua ya 2: Wamba

Kilainishe kwa unyevu kidogo, kisha kiwambe kwenye fremu ukianzia katikati ya kila upande. Usivute kama unavyovuta kitani. Pakaa jeso (kipako cha msingi kinachozuia mafuta ya rangi kupenya kitambaani) isiyo na rangi, nyembamba, mara mbili. Picha yangu ya kwanza niliiruka hatua hii; mafuta yakaingia kwenye nyuzi, kingo zikawa zinavunjika mkononi. Jeso nyeupe nayo siipendi: inaua ule wekundu wa kitambaa, kama wa udongo.

Hatua ya 3: Tafuta mahali pa mtu wako

Hapa usiharakishe. Mimi hukaa na kitambaa siku mbili tatu bila kushika brashi. Kwenye kitani mtu wako ndiye wa kwanza kufika. Kwenye lubugo mshono umemtangulia. Tazama kazi za Armitage: mshono unakatiza mwili, tundu linatokea katikati ya umati, na jicho lako linalazimika kusimama hapo. Mwaka 2017 alifuatana na wanahabari kwenye mkutano wa kampeni wa upinzani Nairobi, na picha zilizotokana na safari hiyo zilionyeshwa Venice mwaka 2019. Umati ule, pamoja na hofu na shangwe zake, unakaa vizuri kwenye kitambaa chenye makovu.

Kwa hiyo chora michoro ya wino kwenye karatasi kwanza. Ihamishe huku na huku juu ya kitambaa. Je, tundu liwe begani? Mshono upite shingoni? Mkao wa mtu ubadilike, si kitambaa.

Hatua ya 4: Rangi

Anza na rangi ya mafuta iliyo nyepesi sana. Kwenye vivuli vya ngozi acha kitambaa chenyewe kionekane, halafu jaribu kijani au zambarau mahali ambapo mkono umezoea kahawia. Ukikosea, kwangua kwa kisu cha rangi. Rangi itabaki ndani ya vishimo, na mabaki hayo mara nyingi ndiyo ninayoyahifadhi.

Kila tabaka likauke kabla ya lifuatalo. Fremu usiiegemeze kwenye ukuta wenye unyevu.