Jinsi ya kumkataa na kumzuia mnunuzi msumbufu mtandaoni bila kujiingiza matatani

Ukiuza mitumba ya soko la Kibuye, Kisumu, kwa WhatsApp, simu zilizotumika kupitia tovuti ya matangazo ya Jiji, au makabati na viti kwenye soko la Facebook hapa Nakuru, utakutana na mnunuzi huyu: anashusha bei mara nne, anataka mzigo upelekwe Lanet, boda akifika simu imezimwa. Una haki ya kumkataa. Lakini haki hiyo ina nguvu kabla hujakubali oda na kupokea pesa. Baada ya hapo hupungua sana. Kwa hiyo kazi kubwa ifanyike mwanzo.

Hatua ya 1: Jua uko huru hadi lini

Kwa sheria ya mikataba inayotumika Kenya, tangazo lenye picha na bei kwa kawaida ni mwaliko tu wa watu kutoa ofa. Mnunuzi anayeandika "nachukua" ndiye anayetoa ofa, na mkataba hufungwa wewe ukikubali. "Sawa, tuma pesa" ni kukubali. "Ipo" peke yake ni kujibu swali tu. Wauzaji wengi hujifunga hapa bila kujua, kwa kuandika "sawa" kwa kila kitu. Jizoeze jibu hili: "Ipo. Oda inakamilika nikikuandikia IMETHIBITISHWA." Kabla ya neno hilo, unaweza kusema hapana bila deni lolote.

Kuna mpaka mmoja usiovukwa. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, ulemavu, umri, lugha na mengineyo, na katazo hilo linamhusu mtu binafsi pia, si serikali pekee. Sababu ya kukataa iwe malipo, umbali, au tabia ya mnunuzi huyo mwenyewe. Usiandike kamwe kwamba huuzii "watu wa upande fulani", hata kwa mzaha kwenye status.

Angalia pia unauzia wapi. Kwenye Jumia mtandao wenyewe ndio unaopokea oda. Huchagui mnunuzi, na kufuta oda kunaweza kuhesabiwa dhidi yako. Hatua zinazofuata ni za Facebook, Jiji, Instagram na WhatsApp, ambako unazungumza na mnunuzi moja kwa moja.

Hatua ya 2: Andika masharti mafupi, uyatume kila mara

Masharti yaliyo kichwani mwako hayamfungi mtu. Kwenye WhatsApp Business fungua mipangilio ya zana za biashara, ingia majibu ya haraka, hifadhi maandishi kama haya, kisha uyaite kwa kuandika alama ya / na neno ulilochagua:

"Bei ya mwisho 2,800. Nakuru mjini: nauli ya boda unalipa kabla, bidhaa unalipa ukiiona. Nje ya Nakuru: unalipa yote kabla mzigo haujapelekwa stejini. Ukipata kasoro, nitumie picha mapema, siku ile ile ikiwezekana. Asiyekubaliana na haya, tafadhali tusiendelee. Jibu NDIYO kama umekubali."

Hiyo NDIYO ni muhimu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina sehemu ya mikataba ya intaneti: muuzaji asipotoa maelezo yanayotakiwa, au asipompa mnunuzi nafasi ya wazi ya kukubali, kukataa au kusahihisha makosa, mnunuzi anaweza kuuvunja mkataba hadi siku 7 baada ya kupokea nakala yake. Kwa hiyo eleza kasoro zote za simu au nguo kabla ya malipo. "Bidhaa ikiuzwa hairudishwi" haikuokoi ukiuza kitu kibovu kwa jina la kizima. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa.

Hatua ya 3: Tofautisha msumbufu na mteja wa kawaida

Kupatana bei si usumbufu. Anayeuliza maswali kumi kuhusu betri anafanya jambo la busara, na mara nyingi huyo ndiye hulalamika kidogo baadaye. Dalili zinazostahili kukataliwa ni hizi:

– Anabadilisha makubaliano baada ya boda kuondoka.
– Anatukana au kutisha.
– Amewahi kuagiza na kuzima simu bila maelezo.
– Anatuma picha ya ujumbe wa malipo badala ya malipo. Ujumbe halisi hutoka kwa mtumaji MPESA, haupitii namba ya kawaida. Angalia salio kwenye menyu yako, si kwenye ujumbe.
– "Amezidisha kwa bahati mbaya": ujumbe unasema 5,500 badala ya 3,500, na anataka umrudishie 2,000 haraka. Mara nyingi hakuna hata shilingi iliyoingia.

Hatua ya 4: Kataa mara moja, kwa maneno machache

"Asante kwa kuulizia. Kwa oda hii sitaweza kukuhudumia. Nakutakia mema." Basi. Ukianza kueleza kwa nini, unampa kitu cha kubishania, na sauti za hasira za dakika tatu ndizo zitakazosambazwa kwenye magrupu ya Kisumu kesho. Ukikaa kimya nako si vizuri: atadai mlikuwa mmekubaliana.

Hatua ya 5: Pesa zikishaingia, rudisha kwanza

Hapa ndipo watu huumia. Ukishapokea malipo na kuthibitisha oda, kumzuia mnunuzi bila kumrudishia pesa kunaonekana kama wizi, na mara nyingine ndiyo hivyo kweli. Kama umeamua kutomhudumia, muombe mkubaliane kuvunja oda, urudishe kiasi chote, na gharama ya kutuma uibebe wewe.

Rudisha kwa akaunti ile ile iliyolipa. Akisema "tuma kwa namba ya mke wangu", kataa. Mtu aliyetuma M-Pesa anaweza kupeleka ujumbe wa muamala kwa 456 akiomba pesa zirudishwe. Ukishatuma kwa namba nyingine na ombi hilo likakubaliwa, umelipa mara mbili. Kama alilipa kwa Till (namba yako ya biashara ya kupokea malipo ya M-Pesa), rudisha muamala wenyewe kama menyu yako inaruhusu. Kisha andika: "Nimerudisha 3,500, oda imefutwa," na uweke namba ya muamala.

Kama hajalipa na mmeuziana kwa malipo ya papo hapo, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inakuruhusu kubaki na bidhaa hadi ulipwe. Mwambie boda hivyo waziwazi kabla hajatoka: hakuna kuacha mzigo getini, hakuna "atatuma jioni".

Hatua ya 6: Hifadhi ushahidi, ndipo uzuie

Mpangilio huu usiugeuze. Kwenye WhatsApp fungua gumzo, gusa vitone vitatu, chagua zaidi, kisha hamisha gumzo. Jitumie kwa barua pepe pamoja na picha. Piga picha ya skrini ya wasifu na ya muamala. Baada ya hapo rudi kwenye vitone vile vile umzuie. Kama ni tapeli, mripoti pia.

Hatapewa taarifa kwamba umemzuia. Lakini kumzuia WhatsApp hakuzuii simu ya kawaida wala SMS. Izuie namba kwenye simu yenyewe pia. Facebook kuna milango miwili: zuia kwa akaunti yako binafsi, kisha umzuie kwenye ukurasa wa biashara. Na bado anaweza kulipa kwa Till yako bila kuzungumza nawe, kisha adai mzigo. Malipo usiyoyatarajia yasiguswe, yarudishwe.

Hatua ya 7: Usimwanike

Kubandika namba, jina na picha ya mnunuzi kwenye grupu la "matapeli wa Kisumu" kunaweza kukuletea malalamiko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kesi ya kumharibia mtu jina ukikosea. Orodha ya namba ulizozikataa iwe yako mwenyewe. Vitisho vipeleke polisi pamoja na gumzo ulilohifadhi, na uondoke na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Deni linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Ziko Nakuru na Kisumu, na huhitaji wakili. Mnunuzi naye anaweza kukupeleka huko huko.

Ndiyo maana aliyepokea viatu vyenye soli iliyobanduka hazuiwi, hata kama anapiga kelele. Mwekee lebo ya "lalamiko", mjibu kwa maandishi, mbadilishie au mrudishie pesa, kisha subiri akiri amepokea. Akiendelea kutukana baada ya hapo, rudi Hatua ya 6.