Namna ya kuwauzia madogo riwaya za kusisimua kwenye maktaba ya shule

Mi ni mwalimu wa Kiswahili shule ya kata, maktaba nilibebeshwa tu kama jukumu la ziada maana aliyekuwa nayo alihama, nikakabidhiwa funguo na makabati matatu, mawili yamejaa vitabu vya kiada vya mtaala wa zamani ambavyo hakuna anayevigusa, la tatu ndo lina riwaya. Mwaka wa kwanza niliharibu sana. Dogo akija nachomoa kitabu namwambia "chukua hiki, kina mafunzo mazuri", anakipokea kwa mikono miwili na shikamoo juu, siku mbili baadae anakirudisha na vumbi lake lile lile. Ikabidi nijiulize, hivi mimi mwenyewe ni lini nimewahi kukesha na kitabu kwa sababu kina mafunzo?

Kwa hiyo wenzangu mliobebeshwa maktaba, neno mafunzo liacheni ofisini. Dhamira, fani, maudhui, hayo yote watakutana nayo kwenye mtihani wapende wasipende. Kwenye riwaya ya kusisimua unauza kitu kimoja tu, "ehee, halafu ikawaje?"

Pia usimuulize mtoto anapenda kusoma nini. Atakujibu "chochote tu mwalimu" akiangalia viatu vyake, maana wengi hawajawahi kusoma kitabu cha hadithi kwa hiari yao, watajuaje wanachopenda? Muulize jumamosi kibanda umiza waliangalia muvi gani, au ni sirizi gani wanayosimuliana chini ya mwembe mapumziko. Hapo hata yule mkimya atafunguka, na wewe sikiliza vizuri anachokisimulia kwa nguvu, kama ni ngumi na bunduki, kama ni nani kamuua nani, kama ni mtoto kupotezana na baba yake, kama ni binti anatoroka. Ukishajua hilo kazi imebaki ndogo.

Wa ngumi na bunduki nampeleka kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba, naanza na Kufa na Kupona ya 1974. Kwa madogo wa sasa namtambulisha kirahisi tu, kwamba kabla hamjawajua hao majasusi wa kwenye simu zenu kulikuwa na Mtanzania anapanda ndege, anapigana, anavaa vizuri, na adui zake ni wale waliokuwa wanahujumu wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Wanashtuka kwamba kumbe jasusi anaweza akawa anaitwa Willy na akawa anakaa Dar! Akimaliza ana Kikosi cha Kisasi inamsubiri, na baada ya Musiba unamtupia Joram Kiango, mpelelezi wa riwaya za Ben Mtobwa, hapo huna haja ya kumshawishi tena atakuja mwenyewe kugonga mlango wakati unakula.

Wa nani kaua nampa Bwana Msa, yule mpelelezi wa Unguja. Ila hapa pana mtego, Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilitoka 1960 na Kiswahili chake ni cha Unguja chenye chumvi zote, dogo wa bara akiachiwa peke yake kurasa za mwanzo anaweza akachoka akasema hiki kizee. Sasa usimpe kama unavyompa mtu chaki. Kaa nae, au kaa na kikundi, msomee kurasa chache za mwanzo wewe mwenyewe huku ukimfafanulia maneno mawili matatu, mpaka sikio lizoee. Likishazoea utamu wote unakuwa humo humo kwenye lugha, na yule jamaa na kiko chake anayepuliza moshi huku anafikiri wenzake wakiwa wamechanganyikiwa, watoto wanampenda kweli, nina mmoja alikuwa anavuta kalamu ya bluu darasani akijifanya Msa mpaka mwalimu wa hesabu akamtoa nje.

Hao wengine nitawapitia haraka. Anayependa stori ya mtoto kumtafuta baba mpe Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996, kijana anatoka Tanga mpaka Kitale kule Kenya, haina bunduki lakini safari yenyewe inakufanya usikiweke chini. Binti anayetoroka ndoa ya mzee na kijana anayesakwa na polisi wa mkoloni, hiyo ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, na hii ina bahati kwamba muvi yake ilitoka 2021, we waambie tu "kuna muvi yake" utaona mikono inavyonyooka (ni ya wakubwa kidogo lakini, kidato cha nne hivi). Na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya 1965, haihitaji hata maelezo, jina linajiuza, ingawa kuna dogo aliniuliza ilikuwa simu aina gani nikamwambia ya mezani akasema "sasa hiyo unaikimbiaje mwalimu".

Tuje kwenye kuuza kwenyewe maana hapa ndo wengi tunalala. Wanaokumbuka enzi za Lufufu, yule jamaa aliyekuwa anatafsiri muvi kwa Kiswahili kwa sauti yake, watanielewa. Muvi ilikuwa ya Kichina au ya Kihindi, hakuna aliyekuwa anaelewa lugha, lakini yule mtu alikuwa anakufanya umjue steringi kama jirani yako. Fanya hivyo hivyo. Kipindi cha maktaba usianze kwa kutaja mwandishi na mwaka, hayo hayamsisimui mtu, anza katikati ya tukio. Mi nasimama na kitabu mgongoni, kava hawalioni, nawaambia: Unguja, mtu kauawa, maiti imekutwa huko mzimuni, watu wameshaanza kunong'ona mambo yao ya mizimu, isipokuwa jamaa mmoja tu katulia anavuta kiko. Halafu nafungua nasoma, taratibu, mpaka nafika sehemu ambayo mtu yeyote mwenye damu lazima atake kujua kinachofuata, nafunga kitabu. Nafunga kweli, pap, naenda kukaa. Watapiga kelele "aaah mwalimu!" na wewe usilegee, waambie kitabu kiko hapa kopi ni 1.

Sehemu ya kukatia uitafute nyumbani, uiweke alama ya penseli, usije ukabahatisha mbele ya darasa. Na soma kwa sauti mara moja au mbili kabla, kuna sentensi zinateleza ukizisoma kimya lakini mdomoni zinakwama. Dakika 5 zinatosha. Ukizidisha 10 nyuma kule wanaanza kurushiana karatasi.

Halafu kisome chote. Hili nalisema kwa uchungu. Nilishampa mtoto wa kidato cha kwanza riwaya moja ya kijasusi ya zamani nikiwa nimesoma nusu tu, nikajisemea ah si ni mambo ya risasi, kumbe mbele huko mpelelezi kapumzika hotelini na si peke yake. Mama yake alikuja shule na kitabu kimefungwa kwenye kitenge kama kichanga, kakunja kona ya ukurasa wenyewe, akanifungulia mbele ya walimu wenzangu akasema "mwalimu hebu nisomee na mimi". Sikusoma. Nilichojifunza sio kuvificha hivyo vitabu, maana ukificha ndo umevitangaza, Rosa Mistika ya Kezilahabi ya 1971 iliwahi kupigwa marufuku mashuleni na sijui kama kuna kitabu kilichotafutwa kama kile, baadae kikaja kufundishwa darasani kabisa. Mi nimeweka rafu mbili tu, ya chini ya kila mtu, ya juu ya kidato cha tatu na nne, na dogo akitaka ya juu tunaongea kwanza.

Kingereza pia msikiogope. Wengi wanakichukia kwa sababu riwaya ya kwanza waliyopewa ilikuwa nene kama tofali. Zile riwaya fupi za Kingereza zinazoitwa Pacesetters, za Macmillan, kama zipo kabatini kwako usizitupe hata kama zimechakaa, ni nyembamba, ni stori za Waafrika, mambo yanaanza mapema. Ila mpe baada ya kumaliza mbili tatu za Kiswahili, awe ameshaonja kwanza ile raha ya kumaliza kitabu.

Sasa kopi 1, wanafunzi 60. Mi naandika foleni kwa penseli kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya jalada la nyuma, siku 3 kila mtu, na yule anayefuata ndo mdai, sio mimi, anamfuata mwenzake mpaka bombani kumkumbusha. Kitabu nakivika karatasi la khaki lakini mbele nabandika kava lililofotokopiwa, maana kava la khaki peke yake limekaa kama daftari la fizikia.

Na kikirudi usikitupe tu kabatini. Kagua vitu viwili. Kwanza kurasa za mwisho, riwaya ya mapenzi ikichanika mwisho mtu atakisia, ya upelelezi ikichanika mwisho umeua kitabu kizima, nilishawahi kuwa na watoto wanne wanagombana kila mmoja na muuaji wake mpaka nikaenda kuazima kopi ya shule jirani nikafotokopi kurasa 6 nikazishona kwa uzi. Pili kagua kurasa za mwanzo, kuna mashetani wanaandika "MUUAJI NI FULANI" ukurasa wa 3 kwa kalamu nyekundu. Ukikuta hivyo futa kwa karekshen, na huyo aliyeandika (utamjua tu kwa mwandiko) mpe kazi ya kusimama mbele ya darasa kipindi kijacho ausimulie mwanzo wa kitabu kingine bila kusema mwisho. Wangu mmoja nilimpa hiyo kama adhabu, sasa hivi ananishinda kuuza vitabu, anakatia sehemu mbaya kuliko mimi.

Mtoto anaporudisha usimuulize amejifunza nini, muulize "ulilala saa ngapi?" Akicheka, mchomolee kingine hapo hapo kabla hajafika mlangoni.