Gari la tabo linatoa moshi: pa kuanzia kabla ya kushusha injini

Wakuu, somo hili ni la wenye magari ya tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), hasa Subaru Forester za petroli na Prado za dizeli. Moshi ukionekana tu, utaambiwa "tabo imekufa" au "tushushe injini". Kauli zote mbili ni ghali, kwa hiyo pima kwanza.

Hatua ya 1: Rangi. Angalia injini ikishapata moto. Mvuke mweupe wa asubuhi kule Njombe au Mbeya, unaokatika baada ya muda mfupi, usikutishe. Mweupe usiokatika, una harufu tamutamu na kulanti (maji ya kupozea injini) inapungua: mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi, paki gari. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa; kagua filta ya hewa na mipira ya intakula (kipozea hewa inayotoka kwenye tabo), maana mpira uliopasuka hupiga mluzi ukikanyaga mafuta na nguvu hupotea. Wa bluu ni oili inaungua, na hapo ndipo penye kazi.

Hatua ya 2: Wa bluu unatoka lini? Mwombe mwenzako afuate nyuma na gari lingine. Umeshuka mlima wa Kitonga umeachia mafuta, ukikanyaga tena linatoka wingu: shuku sili za valvu (zinazozuia oili isiingie silindani). Unatoka muda wote ukipanda mlima, na ukifungua mfuniko wa oili injini inapumua kwa nguvu: shuku ringi za pistoni. Umekaa sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) kwenye foleni, ukiondoka ndiyo unatoka: ni tabo au sili za valvu, usihukumu bado.

Hatua ya 3: Shafti ya tabo. Injini izimwe na ipoe. Fungua mpira unaoingiza hewa kwenye tabo, shika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Kucheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida, kwa sababu shafti huelea kwenye oili. Ikivutika mbele na nyuma hadi ukahisi, au mapanga ya tabo yamekwaruza ukuta, hiyo imekwisha. Utando mwembamba wa oili kwenye mpira si tatizo. Dimbwi ndilo tatizo.

Hatua ya 4: Njia ya oili kurudi. Wengi huiruka hii, na inaniuma kuona tabo nzima zinatupwa. Oili hutoka kwenye tabo kwa kushuka yenyewe, haisukumwi. Bomba la kurudishia likiziba, oili hujaa na kupenya kwenye sili hata kama tabo haina kosa. Valvu ya PCV (inayotoa gesi zilizojaa ndani ya injini) ikiziba, au oili ikizidi alama ya stiki ya kupimia, matokeo ni hayohayo.

Hatua ya 5: Kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda). Pima kavu, kisha tia oili kidogo ndani ya silinda upime tena. Ikipanda, ni ringi. Kwa Subaru silinda zimelala, oili haienei sawasawa, kwa hiyo ni bora kupima uvujaji kwa hewa ya kompresa.

MASWALI

Fundi, nimefunga tabo mpya kwenye Forester, haikukaa imekufa tena. Nimeuziwa feki?
Inawezekana, ila anza na bomba linalopeleka oili. Baadhi ya injini za Subaru zina kichujio kidogo ndani ya bolti ya bomba hilo. Kikiziba, shafti inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika inakosa oili. Badilisha bomba, safisha intakula, weka oili na filta mpya, na uitilie tabo oili kabla ya kuwasha.

Kaka, Prado yangu ya dizeli ilinguruma yenyewe, moshi mwingi, nikazima swichi ikakataa kuzima. Ni nini?
Mara nyingi hapo injini inakuwa inakula oili iliyovuja kutoka kwenye tabo. Kama ni ya manyuo (gia za mkono), weka gia kubwa, kanyaga breki kwa nguvu, achia klachi izime. Ikishindikana, kaeni mbali na injini. Usiwashe tena kabla intakula haijamwagwa oili yote.

Moshi wa bluu ni kidogo tu, naweza kuendelea kuitumia?
Ya petroli, ukiwa unaangalia stiki kila asubuhi, inaweza kukufikisha kwa fundi, ingawa oili hiyo inaua katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi). Ya dizeli yenye dimbwi kwenye mpira wa intakula, ivutwe.