Fuata nguo: namna ya kuitazama filamu ya kihistoria

Filamu nitakayoitolea mfano ni Camp de Thiaroye ya Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow, iliyotoka mwaka 1988. Inawahusu askari wa Kiafrika walioipigania Ufaransa katika Vita Kuu ya Pili. Walirudishwa Senegal, wakawekwa kambini Thiaroye nje ya Dakar, wakadai malipo yao, na alfajiri ya tarehe 1 Desemba 1944 jeshi walilolitumikia likawamiminia risasi. Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapigana Bama (Burma), kwa hiyo sikuweza kuitazama kama habari ya watu wa mbali.

Mara ya kwanza itazame tu. Ni ndefu, inapita saa mbili, basi anza mapema na simu uiache chumba kingine. Historia utaisoma baadaye. Askari wanaongea Kifaransa cha kambini, kila mmoja kwa lafudhi ya kwao. Usihangaike na kila neno la tafsiri, angalia nyuso.

Ikiisha, kabla hujaongea na mtu, andika vitu vitatu ulivyoviona kwa macho. Usiandike "nimehuzunika". Huzuni itakuwepo tu, lakini kesho hutakumbuka ilitoka wapi. Mimi niliandika: waya, kofia ya chuma, kaptula.

Mara ya pili chagua kimoja ukifuate mwanzo hadi mwisho. Nilifuata nguo, kwa sababu nyumbani kwetu koti zito la Keya lilining'inia nyuma ya mlango miaka yote na hakuna aliyelivaa. Tazama wanavyoshuka melini wamevaa sare za Kimarekani, wamenyooka kama watu walioshinda vita. Sajini Diatta, msomi mwenye mke Mfaransa, anaingia danguro mjini na sare hiyo na kudhaniwa Mmarekani. Wakigundua ni Mwafrika wa hapohapo, anatupwa nje. Kisha amri inatoka: rudisheni sare, vaeni kaptula na kofia nyekundu za kikoloni. Hakuna risasi iliyofyatuliwa bado, lakini kwangu mauaji yanaanzia hapo. Sembène mwenyewe aliwahi kuwa askari katika jeshi hilo, na nadhani ndiyo maana haharakishi: anakuacha uwatazame wanavyovua.

Halafu kuna Pays. Huyu alifungwa Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi, akatoka hawezi kusema, na kichwani ana kofia ya chuma ya Kijerumani. Akifika Thiaroye anauona waya wa miba, anaugusa, anaganda. Mwenzake anachota udongo, anamtia kiganjani, ajue kwamba sasa yuko Afrika. Simamisha filamu hapo ukihitaji, mimi nilisimamisha. Na usiku wa mwisho ni huyuhuyu Pays anayekesha, anayeviona vifaru vikija, anayekimbia kuwaamsha wenzake. Wanamwona amechanganyikiwa, wanarudi kulala.

Sasa ndipo usome historia. Mgogoro wa fedha ulikuwepo kweli, na filamu inauonyesha vizuri: maofisa wa Kifaransa wanataka kuwabadilishia askari faranga zao kwa nusu ya thamani. Kuhusu waliokufa, kwa muda mrefu Ufaransa ilitaja 35. Mwaka 2014 Rais Hollande alisema ni zaidi ya 70, na wapo wanahistoria wanaosema ni mamia. Neno "massacre", yaani mauaji ya watu wengi, Rais Macron alilikubali kwa barua Novemba 2024, karibu miaka 80 baadaye. Ukishajua hayo, rudia dakika za mwisho peke yake, pale vijana wapya wanapopanda meli kwenda Ulaya, na uangalie wamevaa nini.

Mara ya tatu tazama na mtu aliyekuzidi umri, tena usimweleze chochote. Nilitazama na mama. Alinyamaza hadi usiku ule wa vifaru, Pays alipokuwa amekaa macho peke yake gizani.

"Baba naye alikuwa hivyo," akasema. "Saa kumi alfajiri yuko nje, amekaa, amevaa lile koti. Tukimwita ndani haitiki."

Nilikuwa sijawahi kumwona mtu akilivaa.