Somo: Kujiandaa na siku ya drafti ya fantasi ya Ligi Kuu England (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, kila ikifika Agosti simu yangu inajaa swali moja: "Kaka, nianze na nani?" Ligi yetu ina watu 10. Tuliianza msimu wa 2017/18, mwaka uleule drafti ilipoingizwa kwenye mchezo rasmi wa Ligi Kuu England, na hatujaruka msimu hata mmoja. Nimejibu swali hilo vya kutosha. Leo naandika mara moja, na atakayeniuliza nitamtumia hapa.

Tuelewane kwanza. Fantasi ni mchezo wa kuunda kikosi cha wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanavyocheza uwanjani, na drafti ni pale mnapowachagua kwa zamu, raundi kwa raundi. Siongelei ile fantasi ya kawaida ya bajeti ya milioni 100, wala drafti ya vifuniko vya soda pale kijiweni. Kwenye drafti hii hakuna bajeti, hakuna kapteni, na kila mchezaji ana mmiliki mmoja tu ndani ya ligi. Ukimchukua Haaland, sisi wengine tisa tunamtazama tu mpaka Mei.

Hatua ya 1. Fungua akaunti, ingiza namba ya siri ya ligi uliyopewa na msimamizi, andika jina la timu. Imeisha.

Hatua ya 2. Hakikisha saa. Ligi yetu ina watu Dar, Muscat na Leicester. Mwezi Agosti, saa 2 usiku ya Dar ni saa 3 usiku Muscat na saa 12 jioni Leicester. Kuna mwaka msimamizi aliandika "saa 2" tu, mwenzetu mmoja akaelewa saa nane mchana, akakaa mbele ya skrini tupu, kisha akatoka kwenda harusini. Toka siku hiyo tunaandika 20:00, pamoja na jina la mji.

Hatua ya 3. Piga hesabu kabla ya kutaja majina. Kikosi kina watu 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3. Zidisha kwa watu 10: ligi nzima inahitaji washambuliaji 30 na makipa 20. Klabu ziko 20, na nyingi zinaanza na straika mmoja. Maana yake straika anayeanza kila wiki hatoshi kwa watu wote, na wale watatu au wanne wa mwisho kuchagua wataishia na watu wa dakika kumi za mwisho. Viungo wapo tele. Kwa hiyo raundi ya tatu ukibaki njia panda kati ya kiungo mzuri na straika mzuri wanaokaribiana, chukua straika. Hili ndilo nalolirudia kila mwaka, na kila mwaka kuna mtu anafika raundi ya 9 hana mshambuliaji hata mmoja.

Hatua ya 4. Panga wachezaji kwa madaraja, usiwapange kwa namba. Mimi natumia daftari la kawaida, kila nafasi na ukurasa wake, na kati ya daraja na daraja napiga mstari mwekundu. Ndani ya daraja yeyote ananifaa. Macho yangu siku ya drafti yanaangalia mstari: kama daraja la pili la mastraika limebaki na mtu mmoja na la viungo lina watano, najua pa kwenda bila kubabaika. Weka alama kwa wapiga penalti. Angalia pia nafasi aliyopewa mchezaji msimu huu, kwa sababu zinabadilishwa: Havertz alikuwa kiungo msimu wa 2023/24, uliofuata akawa mshambuliaji, na bao lake likashuka kutoka pointi 5 hadi 4. Na msisahau pointi 2 za kazi ya ulinzi zilizoingia msimu wa 2025/26. Beki akifikisha jumla ya 10 katika kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kukaba, anazipata hata kama timu imefungwa. Beki wa kati wa timu ndogo siku hizi ana thamani.

Hatua ya 5. Elewa nyoka, yaani zamu zinazogeuka kila raundi. Anayechagua wa mwisho raundi ya kwanza anaanza ya pili. Kwa watu 10, namba 1 anachagua wa 1, kisha wa 20 na wa 21. Namba 10 anachukua wa 10 na wa 11 kwa mpigo. Namba 5 anachagua wa 5, wa 16, wa 25. Ukiwa pembeni utakaa muda mrefu bila zamu, hivyo usisubiri daraja liishe ndipo ushtuke. Ukiwa katikati unaweza kuvumilia kidogo. Mpangilio ni wa bahati nasibu, kwa hiyo jiandae kwa hali zote.

Hatua ya 6. Orodha yako ya ufuatiliaji, yaani majina ya unaowataka unayoyapanga mapema ndani ya mfumo. Someni hapa taratibu, hapa ndipo nilipoumia.

Agosti 2021 nilikuwa nyumbani Tabata, nimepata namba 4. Raundi ya kwanza nikamchukua Son, nikafurahi. Kabla zamu yangu ya pili haijafika, umeme ukakatika. Ruta ikazima. Simu ilikuwa na asilimia 6, na bando langu lilikwisha jana yake. Nikakimbia kwa jirani kuomba hotispoti, mtoto akaniambia baba ameenda na simu dukani. Muda wako ukiisha, mfumo unakuchagulia kutoka kwenye orodha yako, kuanzia juu kushuka chini. Na mimi orodha nilianza kuijaza siku mbili kabla, nikaanza na makipa kwa kuwa ni wachache na rahisi kuwaandika, nikisema nitaipanga vizuri baadaye. Niliporudi hewani raundi ya sita, nilimkuta Ederson raundi ya pili na Alisson raundi ya tatu, halafu mabeki wawili. Makipa wawili bora wa ligi, na kila wiki anacheza mmoja, mwenzake benchi. Mastraika wote wanaoeleweka walikuwa wameondoka. Nilimaliza wa tisa. Mpaka leo nikifungua drafti, orodha ndiyo naitazama kwanza.

Kwa hiyo: ipange orodha kama vile unajua hutakuwepo kabisa. Changanya nafasi. Makipa wakae chini. Weka majina yasiyopungua 60, maana yakiisha mfumo unafuata mpangilio wake wenyewe. Asubuhi ya drafti ipitie tena, ondoa aliyeumia, ondoa aliyeuzwa nje ya England. USIIACHE kwa mpangilio ulioandikia. Na ukishaipanga, funga ukurasa, fungua upya, uone kama imehifadhiwa.

Hatua ya 7. Siku yenyewe: chaji simu, bando la akiba, daftari mezani, kata jina kila anapochukuliwa mtu.

Hatua ya 8. Drafti ikiisha kazi haijaisha. Wasiochaguliwa wanaombwa kwa waiva (maombi ya kumtoa mtu wako na kumchukua asiye na mmiliki), na waiva zinafungwa saa 24 kabla ya mwisho wa kupanga kikosi. Mechi ya kwanza ikiwa Jumamosi saa 6:30 mchana ya Uingereza, mwisho wa kupanga ni dakika 90 kabla, yaani saa 7 mchana ya Dar, kwa hiyo waiva ni Ijumaa saa 7 mchana. Mwishoni mwa Oktoba wenzetu wakirudisha saa nyuma, inakuwa saa 8. Cole Palmer alihamia Chelsea tarehe 1 Septemba 2023. Kwetu hakuna aliyekuwa amemchagua. Mwenzetu mmoja akamwomba kwa waiva mwanzoni mwa Oktoba, bure kabisa. Msimu ule Palmer alifunga mabao 22.

MASWALI YA WADAU

Mdau (Dodoma): Mkuu somo refu. Nipe tu majina 15 nikopi.

Jibu: Haiwezekani. Wenzako tisa wanawataka haohao. Rudi hatua ya 3.

Mdau (Mwanza): Asante sana kaka. Sisi ligi yetu ina watu 6 tu. Hesabu inabadilika?

Jibu: Inabadilika sana, na nimefurahi umeuliza. Watu 6 wanahitaji mastraika 18 na makipa 12. Wanaoanza wanawatosha wote, kwa hiyo ule uhaba niliousema haupo. Hapo anayeshinda ni mwenye nyota wengi wa daraja la kwanza, bila kujali nafasi. Usipoteze raundi za katikati kwa watu wa "salama", kwa sababu mtachukua wachezaji 90 tu na sokoni watabaki wazuri wengi. Raundi tatu za mwisho bahatisha: kijana mpya, mchezaji anayerudi kutoka majeruhi. Akishindwa, unamtoa wiki ya pili. Mkifikia 8 niambie, tutapiga hesabu upya pamoja.

Mdau (Morogoro): Hapo kwenye makipa umepotosha watu. Mimi Raya alinibeba msimu mzima.

Jibu: Sijasema Raya ni mbaya. Nimesema asichukuliwe mapema. Msimu wa 2024/25 Raya alimaliza na mechi 13 bila kuruhusu bao. Matz Sels wa Nottingham Forest naye 13, wakagawana tuzo. Kwetu Sels alichukuliwa raundi ya 13. Wewe Raya ulimchukua raundi ya ngapi?

Mdau (Morogoro): Ya nne.

Jibu: Na raundi ya nne kulikuwa na mastraika. Msimu huohuo Chris Wood alifunga mabao 20.

Mdau (Nakuru): Kaka, na wachezaji wanaoenda AFCON? Huwa nawaruka wote.

Jibu: Usiwaruke ndugu yangu, unawaachia wenzako zawadi. Fainali za 2023 zilichezwa Januari 13 hadi Februari 11, 2024, na za 2025 zilianza Desemba 21 hadi Januari 18. Ni kama mwezi mmoja katika miezi kumi. Tena ukijua tarehe mapema unajipanga: kama unaye Salah na Mbeumo, usiongeze wa tatu anayeondoka, na kuanzia Novemba tafuta kwa waiva wa kuziba pengo. Hatari kubwa ni kuumia huko, kama Salah kule Ivory Coast, lakini mtu anaumia hata mazoezini.

Mdau mpya: Orodha ya ufuatiliaji ndiyo nini?

Jibu: Hatua ya 6.

Mdau (Arusha): Kuhusu umeme, mimi nimenunua kibetri cha ruta. Ruta nyingi zinatumia volti 12, kwa hiyo unachomeka katikati ya chaja na ruta, umeme ukienda haizimi hata sekunde. Changu kinakaa saa tatu na zaidi. Angalia maandishi chini ya ruta kwanza, nyingine ni volti 9.

Jibu: Dada, hii ingeniokoa 2021. Kinauzwa wapi? Nakihitaji kabla ya mwezi kuisha.

Mdau (Arusha): Maduka ya vifaa vya kamera za ulinzi. Waambie unataka cha ruta, watakijua.

Mdau (Muscat): Mwaka huu mnaweka tena Ijumaa? Ijumaa natoka kazini saa 3 usiku, naingia drafti nikiwa kwenye basi.

Jibu: Nimeongea na msimamizi, ni Jumamosi. 20:30 Dar, 21:30 Muscat, 18:30 Leicester. Thibitisha hapahapa kama umeisoma.

Mdau (Muscat): 21:30. Nimeisoma.