Kurudi Lisbon na rafiki wa siku nyingi

Ukirudi Lisbon na rafiki wa siku nyingi ambaye mliwahi kuutembelea mji huo pamoja, kubalianeni kabla ya safari kwamba kila mmoja atachagua mahali pamoja tu pa zamani anapotamani kupaona tena, na muda uliobaki muutumie kwa mambo ambayo nyote wawili hamjawahi kuyaona. Hivyo hamtashinda mkiulinganisha mji wa leo na ule wa kumbukumbu zenu.

Tramu namba 28, ambayo kila mgeni huitamani, ipandeni asubuhi na mapema katika kituo cha Campo de Ourique badala ya Martim Moniz, kwa kuwa upande huo foleni huwa fupi zaidi na ni rahisi kupata viti vya dirishani hadi Alfama, mtaa wa kale ambao sehemu yake kubwa ilinusurika katika tetemeko la ardhi la mwaka 1755. Jioni vukeni mto Tagus kwa kivuko kutoka Cais do Sodré hadi Cacilhas: nauli ni ndogo, mji huonekana ukipanda vilima vyake, nanyi mnapata nafasi ya kuzungumza bila haraka, jambo ambalo kwa maoni yangu lina thamani kuliko jumba lolote la makumbusho.

Kwa msafiri atokaye pwani yetu, mtaa wa Belém haufai kukosekana, kwani ndani ya kanisa la monasteri ya Jerónimos limo kaburi la Vasco da Gama, aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Msiende Jumatatu, kwa kuwa siku hiyo monasteri hufungwa.